Msimu Mama Alipotengwa na Meza ya Bwana

Kiwanda cha kukenekea mafuta ya langilangi, maua ya manukato, kilikuwa upande wa juu wa kijiji chetu, si mbali na Marodoka, kisiwani Nosy Be. Kila asubuhi moshi wake ulitushukia na harufu tamu, nzito, inayokaa kooni kama dawa. Wageni walifumba macho wakaivuta, wakasema kisiwa kizima kinanukia kama bibi harusi. Sisi watoto ilituumiza vichwa. Ilikuwa kwenye nguo, kwenye wali, hata kati ya kurasa za kitabu cha nyimbo. Mpaka leo nikiisikia mahali, ninachokumbuka kwanza ni miguu ya mama iliyovimba, ameiweka ndani ya beseni la maji ya chumvi, naye amelala akiwa ameketi.

Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru. Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa kanisa letu dogo la mabati, mtu wa Mahajanga aliyeletwa kisiwani kufundisha neno la Mungu na kusoma. Nyumbani tulisema Kimalagasi. Kiswahili ninachoandikia leo nilikipata ukubwani, nilipopelekwa ng'ambo ya bahari kusoma Biblia. Kanisa lilimpa baba mpunga lilipoweza. Siku ambazo halikuweza, tulikula kazi ya mama, na kazi ya mama ilikuwa kuchuma langilangi. Miti ile hukatwa vilele na kupindwa matawi ili mwanamke ayafikie akiwa amesimama, na ua lake halimngoji mtu. Huchumwa alfajiri, umande ukiwa bado juu yake. Jua likishapanda, manukato yamekwenda. Nalo ua halijui Jumapili.

Hapo ndipo baba alipoanza. Alisema tumepata bendera yetu, lakini siku ya Bwana bado tunawachumia wengine maua ya kujipaka shingoni. Aliwaambia waumini kwamba wakisimama pamoja, shamba litalazimika kuwaachia siku ya Jumapili, na kwamba atakayechuma siku hiyo atatengwa na Meza ya Bwana mpaka atubu. Aliuliza nani anakubali. Kanisa zima liliinua mikono, na mama aliinua wake. Nilimwona baba uso wake ukiwaka kwa furaha. Nadhani hakupata furaha kama ile tena.

Jirani yetu Mama Fatuma, mwanamke wa ukoo wa Kingazija aliyechuma mstari mmoja na mama, alicheka aliposikia. "Sisi Ijumaa wanaume wanakwenda msikitini, wanaswali, wanarudi kazini na jasho lao," alimwambia mama juu ya uzio. "Huyo Mungu wenu, Mama Soa, jasho linamchefua?"

"Muulize mume wangu," alijibu mama, aliyeitwa hivyo kwa jina langu. "Yeye ndiye anayezungumza naye."

Jumapili ya kwanza hakuna Mkristo aliyekwenda shambani. Msimamizi hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba asiyeonekana Jumapili asijisumbue Jumatatu. Juma la pili wanawake wawili walirudi wakiwa wamejitanda nguo usoni. Juma la tatu walirudi karibu wote, kwa maana mwenye njaa hana miiko. Jumapili ya nne niliamka nikakuta kitanda cha mama kitupu na kikapu chake hakipo ukutani.

Aliporudi, baba alikuwa amekwisha kuvaa koti lake la ibada. Hakupaza sauti. "Nitafanyaje nawe sasa?" alimwuliza.

"Ulichowafanyia wenzangu."

"Wewe ni mke wangu."

"Ndiyo maana. Ukiniacha mimi ukawatenga wao, utahubiri nini?" Alinawa mikono, ingawa harufu ile haitoki kwa maji, kisha akasema polepole, "Baba Soa, tangu nikujue hujabeba kikapu hata siku moja." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; mama hakuitamka methali hiyo, lakini niliisikia.

Siku hiyo baba alisoma jina la mama mbele ya kanisa pamoja na majina mengine. Kwetu waliotengwa walikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na wengi waliona haya wakabaki nyumbani. Mama alikwenda akaketi pale peke yake. Akaimba. Jumapili iliyofuata akaketi tena. Sasa kila Alhamisi, akitoka shambani, alinishika mkono tukazunguka nyumba za wachumaji wenzake, nami nikichoka nikilia nibebwe. Hakuwahubiria. Aliwaambia, "Hatutakula, lakini tutakaa. Kwani tumefukuzwa na nani? Na Baba Soa. Yesu sijamsikia akisema kitu." Wengine walicheka, wengine walimfungia mlango. Mmoja alimwambia ana kichwa kigumu kuliko mbuzi wa Marodoka. Lakini walianza kuja, mmoja, wawili, mpaka msimu ulipokaribia kwisha mabenchi ya nyuma yalikuwa yamejaa, na mbele walikuwa wamebaki wazee wanne wasio na nguvu ya kuchuma.

Mchungaji aliyeruhusiwa kubariki mkate alikuwa Mahajanga, na alitufikia mara chache. Safari ile alikuja kwa meli iliyomtapisha njia nzima. Alipofika mbele, uso umemsawajika, alitazama mabenchi matupu ya mbele na watu waliobanana nyuma, akamwuliza baba kwa sauti tuliyoisikia wote, "Hawa wanangoja nini?"

"Wametengwa," baba alisema.

"Wamefanya nini?"

Baba alianza kueleza habari za bendera na siku ya Bwana, akawatazama wale wa nyuma. Alikuwa ameshika sahani ya mkate. Aliiweka mezani, akatembea mpaka benchi la mwisho, akasimama mbele ya mama. "Mama Soa, nimekosa. Nilifunga mzigo, nikawatwika nyinyi."

Mama hakulainika upesi. "Wageukie hawa uwaambie," alisema. "Mimi nimekwisha kusikia."

Akawageukia, akarudia. Wengine walilia. Mchungaji alifuta jasho akasema, "Basi njoni, ndugu zangu, kabla sijaanguka hapa." Tukaenda. Tangu siku hiyo ibada ilianza wachumaji wakishatoka shambani, nao walikuja na jasho lao, na nusu yao walisinzia. Baba alijifunza kuhubiri kwa kifupi. Sitaki kudanganya: shamba halikutoa Jumapili hata moja, na nyumba tatu zilizotufungia mlango hazikurudi kanisani kamwe. Baba aliwaombea kwa majina mpaka anakufa.

Sasa ninakaa Mahajanga, mtaa wa Mahabibo, nami ni mzee wa kanisa. Namshukuru Mungu, hatutengi watu kwa kuchuma maua. Tuna vipaza sauti, viti vya plastiki na kwaya tatu. Zamani mtu akikosekana tulijua, kwa sababu benchi lilipungua uzito. Leo mtu anaweza kutoweka mwaka mzima asikosekane, na hilo, ndugu zangu, ni kutengwa kusikotangazwa. Tumeacha kufungiana meza. Tumeacha pia kutafutana. Imani ya mama ilikuwa ya kukaa, hata pasipokuwa na sahani ya kumfikia, na ya kuzunguka akiwa na miguu iliyovimba.

Jirani yangu mmoja hukaanga vitumbua sokoni tangu alfajiri. Alikuwa wa kwaya. Hajaonekana kanisani tangu mvua zilizopita. Katika baraza letu la wazee walipendekeza jina lake lifutwe kwenye daftari la waumini. Niliomba lingoje kidogo, nikaenda kwake. Alinikaribisha, akanipa kitumbua, akasema, "Nimechoka, mama." Nikamwambia hata mimi. Tukala pamoja kama watu wanaoelewana. Jumapili hakuja. Nilikwenda tena, hakuja. Leo ni Jumatano, na magoti yananiuma. Kesho nitakwenda.