Bustani ya mji pale Ifakara haikuwa na watu, mpaka mpunga ulipoota kwenye kona yake

Wakuu, nawasalimu wote, na dada zangu mnaojificha humu kwa majina ya kiume nawasalimu pia.

Juzi kuna mkuu alileta uzi akilalamika kwamba bustani ya mji anakoishi imejengwa vizuri, lakini watu hawaendi. Comment zikamiminika: hakuna vyoo, hakuna kivuli, walinzi wakali.

Nilizisoma zote nikawa nacheka peke yangu. Hilo swali nimeishi nalo tangu miaka ya tisini.

Naeleza yalivyotokea, bila kuongeza chumvi. Msianze kunishikia vikombe, hii siyo chai.

Wakati huo nilikuwa mke kijana na mtoto mmoja, Tumaini. Mume wangu alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa kule Kidatu, nyumbani anakuja mara moja moja. Mimi nikawa naishi Ifakara mjini na wazazi wake.

Baba mkwe alikuwa mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache mno. Wakitoka na mama kwenda msibani, yeye mbele, mama nyuma, na katikati yao ungeweza kupitisha mkokoteni. Kazi yake nyumbani ilikuwa kufungua redio mbovu za majirani na kuzifunga tena.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa anaongea kwa niaba ya wote wawili. Mndamba wa kijiji cha Mbingu, kalima mpunga tangu utoto, na utani wake ukikupata unaweza kukosa usingizi. Nilimpenda sana. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua humu mama wakwe wanavyosemwa.

Sasa mwaka huo, kabla mvua hazijaanza, mama akapata kiharusi.

Alilazwa, akapona kiasi. Maneno yalirudi yote, hilo halikutushangaza. Ila mguu wa kulia ukawa mzito, anauburuta. Dada wa mazoezi pale hospitali akaniweka pembeni akaniambia: mama huyu asifungiwe ndani. Atembee kila siku, na akichoka apate pa kukaa. Mguu usipotumika miezi hii, utabaki hivyo hivyo.

Hayo maneno nilitembea nayo kichwani kama ndoo ya maji.

Uani kwetu palikuwa padogo, hatua chache umefika ukutani. Barabarani nako, mnaoijua Ifakara mnajua habari ya baiskeli zake. Mtu anayeburuta mguu hawezi kuzikwepa.

Nikakumbuka bustani.

Kulikuwa na bustani ya mji, haikuwa mbali na kwetu. Mawe yamepakwa chokaa, njia zimenyooka, mlingoti wa bendera katikati. Miti waliyopanda ni miashoki, ile inayokwenda juu kama mwenge na kivuli chake kinamtosha kuku mmoja. Mabenchi ya saruji yalikuwa yanawaka moto kuanzia saa nne asubuhi, na yote yalitazama mlingoti. Kibao kinasema USIKANYAGE NYASI. Nyasi zenyewe zilikuwa za kutafuta.

Mimi niliiona inafaa. Nikampakia mama kwenye keria ya baiskeli, nikaikokota taratibu mpaka pale, nikamkalisha kwenye benchi.

Akatazama bendera, kisha akanitazama mimi.

"Hapa nafanya nini?"

"Unapumzika, mama."

"Mtu anapumzika kwake."

Kabla sijajibu akapita baba mmoja na baiskeli yake, akashuka kwa heshima. "Shikamoo mama. Mnamsubiri nani?" Nikamwambia hatumsubiri mtu. Akasimama kidogo kama anayetaka kuuliza zaidi, akaondoka. Akaja mwanamke mwingine, jirani yetu. "Jamani kuna msiba?"

Mama akaniambia nimrudishe nyumbani. Kesho yake nilipotoa baiskeli akakataa kabisa. Alisema hataki kuwekwa pale kama ua la kwenye kopo.

Nilikasirika, sitaficha. Nilimkasirikia mama kwa ukaidi, nikamkasirikia zaidi baba mkwe. Nilimweleza yote jioni ile, maneno ya dada wa hospitali na habari ya benchi. Aliendelea kukaza skrubu ya redio, akasema tu, "Nimesikia." Nikaona huyu mzee hajali.

Lakini swali la mama halikunitoka. Hapa nafanya nini.

Nikaanza kuchunguza, kila nikienda sokoni naangalia watu wamekaa wapi. Mashine ya kukoboa mpunga, wamejaa, wamekalia viroba. Kisimani wamejaa. Stendi wamejaa, na wengine hawasafiri. Stesheni ndiyo usiseme, treni inachelewa nusu siku na watu wanaongea tu kwa raha zao. Bustanini benchi zote tupu.

Nikaona kwamba watu wetu wanapenda sana kukaa, ila lazima wawe wanasubiri kitu. Mtu mzima akikaa bila sababu anaonekana mvivu au ana matatizo. Bustani ile ilikuwa inakuambia ukae uonekane umekaa. Nani anataka?

Mvua zikaanza.

Kona ya chini ya bustani, upande wa mtaro, ikawa inatuama maji. Kwa mji wetu hilo ni jambo la kawaida. Wakati huo baba mkwe alikuwa na tabia ya kutoka alfajiri na baiskeli, anarudi na mabuti yana tope. Sikumuuliza. Mzee wa watu ana mambo yake.

Siku moja natoka sokoni nikaona ile kona imekuwa kijani. Nikasogea. Mpunga.

Mpunga kabisa, wakuu, ndani ya bustani ya mji, umepita mpaka nyuma ya kibao cha usikanyage nyasi.

Nikafika nyumbani nikamsimulia mama kama kituko tu, nimchekeshe. Akainua kichwa kutoka kwenye mto.

"Nani kapanda?"

"Hajulikani."

"Umepandwa kwa mstari au umemwagwa?"

"Sijui."

"Unatoka mpaka bustanini unarudi hujui mpunga umepandwaje." Akaushusha mguu chini. "Kesho unipeleke nikaone."

Niliweka kapu chini haraka nikaitikia. Wiki kadhaa nilikuwa nambembeleza atoke.

Tulipofika alikataa benchi la karibu. Akataka lile la mwisho, la upande wa konani, na njia ya kwenda kule baiskeli haipiti, kwa hiyo akaenda kwa mguu, kaniegemea. Akakaa kinyume, mgongo ameupa bendera. Akautazama mpunga muda mrefu.

"Aliyemwaga huyu hajui kumwaga," akasema. "Huku karundika, kule upara. Na magugu haya anamwachia nani?"

Basi kuanzia siku ile kazi ikapatikana. Mimi napalilia, mama yuko kwenye benchi anatoa amri. Nikikosea ananionyesha kwa fimbo, na fimbo ikiwa haifiki anainuka anasogea. Mwanzoni nilikimbia kumshika. Baadaye nikajifunza kukosea makusudi sehemu za mbali.

Na wapita njia je? Walewale waliokuwa wanauliza kuna msiba. Sasa wakiuliza, mama anajibu, "Tunaangalia mpunga." Jibu hilo lilimtosha kila mtu. Mtu anaegesha baiskeli, anaingia, anatoa ushauri ambao hakuombwa, anakaa. Wanaanza kubishana habari za mbuga, yale mashamba ya mpunga bondeni, mwaka huu maji yamefika wapi, Malinyi hali ikoje.

Mama Kulwa, Msukuma mmoja muuza maziwa, akahamishia ndoo zake pale kutoka stendi. Alikuwa anamtania mama, "Nyie Wandamba mkiona tope tu mnatafuta mbegu." Mama anamjibu, "Na nyie mkiliona mnaingiza ng'ombe." Wanacheka. Wamama wengine wakaja na mikeka yao ya kusuka, wengine na mchele wa kuchambua.

Mpunga ulipoanza kutunga punje wakaja kwelea kwelea. Wanaolima wanajua kuamia ndege, kuwafukuza shambani, ni kazi ya kutwa, huwezi kutoka. Tukafunga makopo kwenye kamba, kutoka mwashoki mmoja hadi mwingine. Ndiyo siku niliyojua ile miti ilipandiwa nini. Mama alikuwa anatoka nyumbani asubuhi kabla sijamwosha Tumaini uso. Kwa fimbo yake, peke yake, polepole, pembeni ya barabara, na baiskeli ndizo zinamkwepa.

Mguu ulikuwa unarudi, nauona kwa macho yangu.

Halafu akaja bwana wa ofisi ya mji.

Kijana, shati limenyooka, nyuma yake vibarua watatu na mafyekeo. Anasema anakuja mgeni mkubwa kutoka mkoani, na bustani ya mji siyo shamba. Ufyekwe wote leo.

Niliogopa. Siyo kwa sababu ya mpunga, ule haukuwa wa kujaza hata magunia mawili. Niliwaza mama kesho asubuhi ataamka aende wapi.

Mama alikuwa upande wa pili, anavuta kamba ya makopo. Akaiacha, akaja. Yule kijana akamwamkia, shikamoo, na mama akaitikia marahaba. Kisha akakata suke moja, akaliminya mbele yake. Maziwa yakatoka, meupe.

"Baba, unaona uko kwenye maziwa. Ndio mnaufyeka?"

Hakupandisha sauti. Yule kijana akageukia vibarua wake, akawaambia waanze.

Hakuna aliyeanza.

Mmoja wao, mtu mzima wa Kiberege, akaweka fyekeo chini. "Bosi, nyasi nitafyeka. Maua ukitaka nitafyeka. Mpunga wenye maziwa sijawahi kufyeka na siwezi." Wenzake nao wakaanza kutazama miti.

Kama hujakulia bonde lile huwezi kuelewa uzito wake. Mpunga usiokomaa hauguswi na mtu mwenye akili zake, hata kama ni wa adui yako.

Kijana akabaki amesimama na shati lake, na wote tulikuwa tunamtazama. Nilimwonea huruma kidogo, na yeye ana bosi wake. Akazunguka kona nzima, akafikiri, akaondoka na vibarua wake. Jioni akarudi na kibao kipya, rangi haijakauka: SHAMBA LA MFANO.

Mgeni alipokuja, niliambiwa alisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na akasifu.

Tulivuna wote tuliokuwa tunakuja pale, tukagawana. Kila mmoja alipata kidogo na hakuna aliyelalamika. Sijaona shughuli ya mji iliyokuwa na watu wengi vile bila muziki.

Nawaambia na mwisho wa bustani yenyewe, maana mtauliza. Mwaka uliofuata walileta kifusi wakafukia ile kona, wakajenga benchi zuri na kupanda maua. Nilipita nikaangalia. Hapakuwa na mtu. Wamama walirudi mashineni, Mama Kulwa akarudi stendi. Mama mkwe yeye alikuwa tayari anakwenda mbugani kwa miguu yake.

Kwa hiyo mkuu wa ule uzi, vyoo ni sawa, kivuli ni sawa, vyote vinatakiwa. Ila somo nililolipata mimi ni kwamba bustani inakuwa na raha mtu akiwa na cha kufanya pale, akiulizwa awe na jibu.

Lakini kuna jambo nimelibakiza. Mpunga ulipandwa na nani?

Siku ya kugawana tulirudi nyumbani na fungu letu, mama akaniita jikoni. Akaniambia nipande darini nishushe debe la mbegu. Nikalishusha. Lilikuwa jepesi, limepungua sana. Mimi sikuwa nimeligusa, na mama tangu augue hakuweza kupanda ngazi.

Akatia mkono ndani ya debe, akatoa punje, akaziweka kiganjani karibu na zile za bustanini. Zilikuwa zilezile, ndefu, ncha nyekundu. Ni mbegu aliyokuja nayo kutoka kwao Mbingu alipoolewa. Pale mtaani wote walikuwa wameshahamia mbegu ya Supa.

"Jaza," akaniambia. "Mpaka pale ilipokuwa kabla baba yako hajaichota."

Nikageuka. Baba mkwe alikuwa amekaa mlangoni na redio ya mtu mapajani.

"Nimejua tangu ulipochanua," mama akasema, na sasa alikuwa anamwambia yeye. "Lakini kumwaga hujui. Huku umerundika, kule umeacha upara."

Mzee hakuinua kichwa. Akapuliza vumbi kwenye redio.

"Kulikuwa na giza," akasema.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilitoka uani nikalia, nikiwa nimeyakumbuka yale mabuti yenye tope.

Jumapili iliyofuata walikwenda kanisani. Yeye mbele, mama nyuma, kama miaka yote. Ila mzee alitembea polepole sana siku ile.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Bustani ya mji wako, ukimkuta mtu amekaa pale ukamuuliza anafanya nini, atakujibu nini?