Kibogoyo wa Saa Kumi

Hapakuwa na mwanamume nyumbani kwa marehemu Abdul-Karim. Hilo lisemwe kwanza, tena wazi, ili hata wale wa mtaa wa mbali wa Kansanga waliolipata likiwa limeongezwa chumvi mara tatu walielewe. Aliyekuwa akija kila siku saa kumi za alasiri, ambaye Hajati Zuleika alizungumza naye na kucheka, mlango ukiwa umefungwa, alikuwa ndovu. Ndovu mwenye pembe moja, aliye mbali sana na mtaa huu wa Ntinda, ndani ya kioo cha tableti.

Hajati Zuleika si mtu wa kuzushiwa. Ana stashahada yake ya chuo cha Kyambogo, alisomesha jiografia miaka thelathini, na kwao ni Wanubi ambao babu zao walikuja na bunduki begani na adabu kifuani. Mumewe Abdul-Karim, mwenye malori mawili ya kwenda Juba, alipofariki, Hajati aliingia eda kama inavyotakiwa: miezi minne na siku kumi, bila manukato, bila dhahabu, bila kuvuka geti. Kufika mwezi wa tatu alikuwa amesuka makawa ya kufunikia chakula cha harusi mbili, na wageni bado walikuja. Kila mmoja aliingia na uso wa msiba, akashusha pumzi, akasema, "Pole, Hajati," kisha akatupa jicho upande wa jikoni.

Ndipo binti yake, Nabilah, alipomwekea tableti juu ya stuli. Ilikuwa na picha za moja kwa moja za kamera iliyofungwa kwenye dimbwi la maji katika mbuga moja kavu, inaonyesha usiku na mchana, haizimwi.

"Nimesomesha jiografia, leo nitazame matope?" akasema Hajati.

Siku mbili akatazama matope. Siku ya tatu akatokea mzee, masikio yamechanika, pembe ya kushoto haipo. Akanywa taratibu, akajimwagia, akasimama tu bila kazi. Hajati akamwita Kibogoyo. Marehemu alikuwa akimsimulia ndovu wa barabara ya Karuma, jinsi wanavyosimamisha malori kama trafiki, na kila mara alimwahidi, "Nikimaliza safari hii, nitakupeleka uwaone." Safari zilikwisha yeye akiwa ndani ya moja.

Kibogoyo hakusema pole. Hakutazama jikoni. Mbele yake Hajati aliweza kulegeza mgongo aliokuwa ameunyoosha kwa wageni wote.

"Umechelewa leo, bwana," alimwambia. "Ngiri wamekwisha kuyavuruga maji. Shauri yako!" Akacheka.

Sasa, nje ya ukuta hukaa Benedicte, Mkongomani anayekaanga mandazi. Alisikia kicheko, akamuuliza jirani, Jalia, kama Hajati amepona huzuni. Hakuwa na nia mbaya. Lakini kumpa Jalia habari ni kumpa moto nyasi kavu. Wiki haikuisha, maneno yalikuwa yamefika Bombo, kwa Hajati Shamirah, ambaye mwanawe alikuwa amempelekea Nabilah posa.

Shamirah akapiga simu. Sauti ilikuwa baridi. "Mkwe, Ijumaa nakuja. Saa kumi."

Si saa tisa, si saa kumi na moja. Hajati akaelewa. Mjane akivunja eda, binti yake ataolewa na nani? Nabilah alitaka tableti ifichwe. Mama yake akaipangusa vumbi.

Ijumaa Shamirah akaingia, Jalia nyuma yake, eti amemsindikiza. Wakakaa. Macho ya Jalia yakapita chini ya viti, nyuma ya pazia.

"Mnamtaka?" akauliza Hajati. "Atakuja sasa hivi. Tazameni hapa."

Kibogoyo, heshima yake, hakuchelewa siku hiyo.

Shamirah akainamia kioo. "Huyu ndiye?"

"Ndiye."

"Mbona ana jino moja?"

"Mkwe, na sisi tumebakiwa na mangapi?"

Shamirah akabana midomo ili asicheke. Kibogoyo akanywa, akaondoka zake. Mara picha ikatikisika, na kioo kizima kikajaa uso wa mwanamume: askari wa wanyamapori, ndevu zake, meno yake, kitambaa mkononi, anafuta lenzi huku akiwakazia macho.

"Mwanamume!" akapiga kelele Shamirah, na shuka lake likawa kichwani. Jalia akazama nyuma ya kochi. "Mfunikeni mwenye eda! Ameonwa!" Shamirah akaendelea.

"Mama Mkwe, huyo hatuoni sisi," akasema Nabilah. "Anaona kioo tu cha kamera."

"Mbona ananitazama mimi?"

"Na amenichekea!" Jalia akalia kutoka nyuma ya kochi.

Askari akamaliza, akaondoka. Kisha Shamirah akafunua jicho moja, akamwona Jalia kapiga magoti kama anayetafuta sindano, akacheka mpaka akashika mbavu. Alikaa hadi magharibi. Kabla ya kuondoka alimtaka Nabilah amwekee dimbwi lile kwenye simu yake, halafu akampigia mumewe palepale, Jalia akisikia: "Nimemwona kwa macho yangu. Ana masikio makubwa. Posa iko palepale."

Harusi imepangwa baada ya eda. Na saa kumi, Hajati bado ana miadi yake.

Siku iliyofuata Ijumaa ile, Benedicte alileta mandazi ya bure hadi mlangoni.

"Mama, unisamehe. Mie niliuliza tu, sikusema kitu mubaya."

"Najua, Benedicte."

"Lakini mama... ule mwanaume alipotokea, weye mwalimu, unajua kamera. Ulijifunika?"

Watu wanasema kawa moja kubwa, katika yale aliyoyasuka, lilikutwa limepinda, lina alama ya kichwa. Hajati Zuleika akapokea mandazi, akaweka mkono kwenye komeo.

"Hilo silisemi," akasema, na akafunga mlango.