Waya wa Rangi ya Kucha

Shangazi yangu alikuwa mbishi, na ubishi wake mkubwa ulikuwa na wakubwa zake kazini. Wao walisema huwezi kujua tetemeko limetokea wapi bila vituo vitatu. Yeye alibaki na kimoja tu, mashine moja ya kupima mitetemo iliyowekwa juu ya zege katika chumba cha chini ya ofisi, kwa kuwa vingine viwili viliharibika zamani. Alisema kimoja kinatosha ukikisikiliza vizuri. Wimbi la kwanza likifika, hesabu sekunde hadi la pili, zidisha kwa nane, umepata kilomita. Msukumo wa kwanza huisogeza ardhi kando na pia juu au chini, na ukilinganisha hizo mbili unajua upande ulikotoka.

Asubuhi moja vikombe viligongana kabatini. Mtandao wa simu ulikatika, ikabaki redio ya ofisi, na magari ya uokoaji yakangoja neno lake. Sekunde kumi na mbili, kilomita tisini na sita, mashariki. Alitangaza, magari yakaondoka. Akashusha pumzi, maana mama yangu, wifi yake, alikuwa muuguzi katika mji wa magharibi, umbali huohuo.

Halafu akakumbuka kitu. Juzi yake alikuwa ameisafisha mashine, akachomoa nyaya na kuzirudisha mwenyewe. Nyaya mbili za kupima kupanda na kushuka zikibadilishana nafasi, juu husomeka chini, na magharibi husomeka mashariki.

Alifungua rekodi ya jana yake, saa ile machimbo ya mawe ya jirani yalipolipua baruti. Mlipuko huanza kwa kuisukuma ardhi juu, siku zote. Mstari ulianza kwa kushuka.

Ningekuwa mimi, ningetafuta wa kumsingizia. Yeye alishika redio, akijua fika kwamba bosi wake alikuwa anatafuta sababu ya kukifunga kituo.

"Bosi, nimekosea. Nyaya nilizigeuza mimi. Ni magharibi. Yageuze magari."

Bosi aliuliza, "Una uhakika?"

"Kama si kweli, kesho nifukuze."

Yaligeuka. Mama walimtoa chini ya paa la zahanati lililoporomoka kabla jua halijazama, mguu umevunjika, mdomo mzima. Kituo hakikufungwa, na vile viwili vibovu vilianza kutengenezwa.

Mama alipotoka hospitali alichechemea moja kwa moja hadi chumba kile. Akatoa chupa yake ya rangi ya kucha, akaupaka waya mmoja wekundu uliokolea.

"Huu ndio wa juu, wifi," alisema. "Usinipoteze tena."