Uzi wa Buluu kwenye Ukili wa Bibi

Kitu cha kwanza nilichomwibia bibi baada ya yeye kupooza ni shubiri tatu za ukili. Nasema mapema ili ujue unasoma habari za mtu wa aina gani.

Ukili, kwa nyinyi mliozaliwa juu ya zulia la plastiki, ni ule utepe wa ukindu unaosukwa mrefu kama msuko wa nywele. Ukishatosha, unashonwa ubavu kwa ubavu, unapata mkeka. Bibi alisuka mikeka hapa Ujiji tangu mama yangu hajazaliwa, na mimi alinifundisha nikiwa darasa la nne, huku akinipiga vidole kila nikilegeza. "Mke mwenzangu," alikuwa ananiambia, "ukisuka hivi, mume wetu atalala chini."

Ramadhani iliyopita kiharusi kikamchukua upande wote wa kulia, pamoja na ulimi. Tangu hapo akawa wa kulala sebuleni, uso umeelekea ukutani. Ukimpa uji anameza. Ukimgeuza anageuka. Ukimwacha, macho yanarudi ukutani pale pale, kwenye alama ya unyevu yenye umbo la mbuzi asiye na kichwa. Mama anaondoka alfajiri kwenda Kibirizi kwenye dagaa wake, mimi naenda shule Gungu, na saa sita jirani yetu anafungua mlango kwa ufunguo tuliomwachia, anamlisha, anamkanda mkono uliokufa kwa mawese ya vuguvugu, anafunga, anaondoka. Mchana uliobaki bibi yuko peke yake na mbuzi wake.

Mjomba, kaka yake mama, akaja kutoka Ilagala kuangalia hali. Aliangalia kwa dakika tano.

"Dada, mama hayupo tena," alisema. "Umebaki mwili. Mtoto akimaliza mtihani wa mock, mama namchukua Ilagala."

Aliyasema hayo akiwa amesimama kichwani kwa bibi, kama watu wanaojadili kabati litapita mlangoni au halipiti. Mama akalia, lakini hakukataa. Angekataa vipi? Hakuna mtu wa kushinda nyumbani.

Mimi sikutaka. Kule Ilagala chumba pekee kisicho na mtu ni cha nyavu. Na isitoshe, bibi ndiye mtu pekee duniani aliyecheka vichekesho vyangu vyote, hata vibovu. Kucheka kwake hakukuwa na sauti, mabega tu yanaruka. Basi kila jioni nikawa nakaa nyuma ya mgongo wake namwambia vichekesho huku nayatazama mabega. Yangeruka hata mara moja mbele ya mjomba, asingemchukua. Hayakuruka. Nilikuwa kama mtangazaji wa redio ambayo hakuna aliyeiwasha.

Sasa huo wizi. Chini ya kitanda chake kulikuwa na kapu, ndani yake mzingo wa ukili aliokuwa akiusuka kabla ya kuumwa. Ulikuwa mweupe mtupu, hauna rangi hata moja, na yeye ni mtu wa zambarau na kijani. Nilishawahi kumuuliza kwa nini. "Huu si wa kuuza," alinijibu, akabadilisha mazungumzo. Mimi nilihitaji kifuko cha kalamu. Nikakata shubiri tatu, nikakunja, nikashona, nikaweka kifungo cha shati. Kilipendeza mpaka wenzangu wakadhani nimenunua.

Baada ya wiki dhamira ikaanza kuniwasha. Nikaamua kulipa kwa kusuka. Lakini mtu wa Kidato cha Nne anasuka saa ngapi? Nikajiwekea utaratibu: swali moja la mtihani wa miaka ya nyuma, vidole vinne vya ukili. Vidole vikiwa na kazi, kichwa changu kinatulia, kinaacha kutafuta mtu wa kumchokoza. Nilisuka mapumziko, nilisuka nikisubiri maji bombani, nilisuka chini ya dawati. Mwalimu wa Baiolojia, mgeni kutoka mikoa ya huko kaskazini, aliuona ukining'inia.

"Wewe, huo ni mkia wa nini?"

"Wa mtihani, mwalimu. Kichwa chake bado sijakiona."

Darasa likaanguka. Akanisimamisha nieleze mgawanyiko wa seli, nikaeleza wote, vidole vikiendelea. "Kaa," akasema. "Suka, ila mdomo usisuke."

Jioni naunganisha kipande changu kwenye mzingo wa bibi, naongeza kidogo, halafu pale ninapoishia nafunga uzi wa buluu niliouchomoa kwenye sweta la shule. Uzi ule ulikuwa alama yangu: mpaka hapa Baiolojia, mpaka hapa Historia. Kisha nafunika kapu kwa kanga mbichi ili ukindu usikauke, nalisukuma chini ya kitanda.

Ilikuwa mwezi wa nane. Mwezi huo kwetu ziwa linapotea. Watu wanachoma mashamba, moshi unashuka, milima ya Kongo inafutika, na maji yanaungana na mbingu kiasi kwamba mtumbwi unaonekana umetundikwa hewani. Jua saa kumi alasiri linakuwa kama kiini cha yai, unalitazama na halikufanyi kitu. Katika hali hiyo ya hewa, siku ya Jumanne, nilivuta kapu nikakuta uzi wangu wa buluu hauko mwisho.

Baada ya uzi kulikuwa na shubiri moja na nusu ya ukili ambayo sikuisuka mimi.

Nikasema nimechoka, nimesahau. Nikafunga uzi upya, mafundo mawili. Jumatano, shubiri mbili. Alhamisi, moja. Ukili wenyewe ulikuwa umebana, mzuri kuliko wangu mara kumi. Ila ulikuwa umelowa, na si kwa maji ya kanga, maana kanga ilishakauka. Pembeni ulikuwa na vishimo vidogo, vitatu vitatu, mwendo wote. Nikaunusa. Ulinuka mawese.

Nikainua macho. Bibi alikuwa anatazama ukuta.

Nilianza na mama. "Mama, kuna mtu anasuka ukili wa bibi mchana."

"Ndiyo. Na mwaka jana kulikuwa na mtu mwenye kichwa cha papai kinachowaka moto dirishani kwa imamu."

Haki yake. Lile papai nililichonga mimi, nikatia tochi ndani, mtaa mzima ukasoma dua. Ndiyo faida ya kuwa mtani: siku unaona kitu kweli, unakiona peke yako.

Nikaenda kwa jirani. Yeye ni mtu wa Kasulu, Kiswahili chake kinatembea na Kiha bega kwa bega. "Mwakeye," nikamwamkia kwa lugha yake, nimlainishe. "Ni wewe unayemsaidia bibi kusuka?"

"Mimi? Mimi nipe jembe, mwanangu. Hayo ya Ujiji siyajui." Halafu akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Ila nikishafunga mlango, nikifika pale kwenye ndoo zangu, huwa nasikia kitu humo ndani. Kinakwaruza."

"Panya."

"Panya anavuta pumzi?"



Mock ikaisha Ijumaa saa sita. Mjomba alikuwa anakuja siku hiyo hiyo, arudi na bibi kwa boti ya saa kumi. Nikapanda bodaboda kutoka Gungu, nikashuka mbali kidogo, nikazunguka nyumba kwa nyuma. Mtaa ulikuwa kimya, kuku hawakohoi. Moshi ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa mapaa, na bati letu lilikuwa linalia lenyewe, ta, ta, ta. Nikafika chini ya dirisha la sebule.

Kwaru. Kwaru. Kimya. Halafu pumzi ndefu, ya puani.

Sijui nani aliniinua kichwa, kwa sababu mimi sikutaka.

Bibi alikuwa amekaa. Kanga ilikuwa imemteremka mabegani, kichwa kimeinama upande. Ukili ulikuwa umetoka mdomoni mwake kama mjusi anayemezwa na paka. Mkono uliokufa, unaong'aa mawese, ulikuwa umelala juu ya ukili kuukandamiza godoroni, na mkono wa kushoto ulikuwa unasuka. Vidole vilikwenda upesi, vinachomoa ukindu, vinapachika, halafu meno yake matatu ya mbele yanauma na kichwa kinavuta, kwaru, mpaka ukaze. Macho hayakuangalia kazi. Yalikuwa kwa yule mbuzi ukutani.

Akaacha kusuka. Akalala chali polepole, akaweka ncha ya ukili kwenye paji la uso, akauvuta mpaka vidole vya miguu alivyoweza kuvigusa kwa kujikunja. Akarudi tena juu. Akateremka tena. Alikuwa anajipima.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mabibi vizee wa Ujiji wanajiwekea vya safari yao wenyewe: sanda ndani ya sanduku, udi, na mkeka wa kulazwa siku ya mwisho. Wengine wanausuka kwa mikono yao, mweupe, kwa kipimo cha mwili wao, wasilale juu ya kazi ya mtu mwingine. Huu si wa kuuza.

Kipimo cha mwisho kikapungua. Mkono wa kushoto ukaanza kutafuta. Ulipapasa godoro, ukapapasa ukuta, ukaingia ndani ya kapu ukatoka, ukapapasa hewa upande wa dirisha, upande wangu, polepole, kama unaojua. Ulikuwa unatafuta shubiri tatu, zake mwenyewe, si zangu. Zilikuwa begani kwangu, ndani ya begi la shule, zimejaa kalamu.

Ufunguo ukalia kwenye mlango wa mbele. Mama na mjomba walikuwa wamefika. Nikazunguka mbio nikapiga kelele, "Anasuka! Njooni, bibi anasuka!"

Tulipoingia, uso ulikuwa ukutani. Ukili haukuonekana. Kanga ilikuwa mabegani, imetulia, utadhani tumemfunika sisi.

"Leo hapana, mwanangu," mama akasema, macho mekundu. "Mtanie mwingine. Leo usinitanie."

"Wallahi, mama, anasukia kwa meno."

"Beba nguo zake," mjomba akaniambia. "Boti haingoji vichekesho."

Sikubeba nguo. Nilifungua begi, nikamwaga kalamu zote sakafuni, nikaenda nikapiga magoti kitandani. "Bibi," nikasema, "mwizi ni mimi." Nikaweka kifuko ndani ya mkono wake wa kushoto.

 Bati likalia, ta. Kisha vidole vikakifahamu. Vikakigeuza, vikapita kwenye kifungo cha shati, vikasimama pale kana kwamba vimeguswa na uchafu. Bibi akakipeleka mdomoni. Akakata kifungo kwa meno, akakitema, kikabingirika hadi kwenye kiatu cha mjomba. Akashika mshono wangu, akauvuta. Uzi wote ukatoka. Akaunyoosha ule ukili juu ya kifua, akapima kwa vidole: moja, mbili, tatu. Halafu kutoka chini ya kanga akautoa ule mwingine, mrefu, mweupe, umelowa, akaziweka ncha kwa ncha.

Mama aliziba mdomo. Mjomba akakaa sakafuni, pale pale kwenye kalamu zangu. Tangu kiharusi alikuwa hajamwamkia mama yake hata siku moja, maana unamwamkiaje mtu ambaye hayupo?

"Shikamoo, mama," akasema, kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani.

Mkono wa kushoto ukaacha ukili. Ukatafuta mpaka ukakipata kichwa chake, ukatulia juu yake.

Nikaona nafasi. "Bibi, muulize na boti yake inangoja vichekesho au haingoji."

Mabega yakaruka. Mara mbili. Mjomba aliyaona, mkono ukiwa bado kichwani kwake.

Boti ya saa kumi iliondoka bila wao. Mjomba akaondoka kesho yake peke yake, na jirani akakubali kuhamishia karanga zake za kubangua sebuleni kwetu mchana, ingawa mpaka leo haingii bila kubisha hodi mara tatu na kumwamkia bibi kwa sauti ya juu. Mama anadhani bibi alijificha kwa aibu, hakutaka fundi kama yeye aonekane anasukia kwa meno. Inawezekana. Mimi nadhani alikuwa na kazi na sisi tulikuwa tunapiga kelele.

Mkeka bado. Nasoma sasa kwa mtihani wenyewe, swali moja, vidole vinne, na kila jioni naunganisha changu na kufunga uzi wa buluu. Nikirudi kutoka shule nakuta uzi umerudi nyuma. Bibi anafumua nilichosuka, chote, anakiacha rundo la ukindu ukingoni mwa kitanda, pale ninapokaa, halafu anasuka upya sehemu ndogo tu, kunionyesha. Jana alifumua shubiri mbili na kurudisha moja. Jirani anasema wakati akifumua anaangalia mlangoni, wala si ukutani.

Kwa mwendo huu mkeka ule hautaisha leo wala kesho, na bibi hawezi kuondoka bila mkeka wake. Mama ameniuliza kwa nini ukili wangu umezidi kulegea, na miaka yote hii nimefundishwa. Nimemwambia ni uchovu wa masomo.