Stredo Niliyoweka Mbele ya Memsahib Elsa

Mezani tulikuwa wanne. Memsahib Elsa, mjane, mwenye nyumba ya wageni pale Lushoto. Bwana Harris wa Misitu, mpangaji wake wa chumba cha mbele. Dakta Pinto, Mgoa wa Tanga, aliyekuja kumtibu Memsahib mguu mvua ikamzuia. Na mimi Mwanahawa wa Lukozi, dobi wao. Mlangoni alisimama mpishi Shemweta, mjomba wangu, ndiye aliyeniombea kazi.

Mashuka nilikuwa nimefua miezi saba, lakini kazi yangu naihesabu tangu siku ile. Barabara ya Mombo ilikuwa imeporomoka, mwenzao wa nne wa poka, mchezo wao wa karata, kakwama huko chini. Memsahib akanifuata kwenye kamba za nguo.

"Wewe umetuchungulia dirishani vya kutosha. Njoo ukae. Nataka mhudumu wa mezani asiyetetemeka. Ikifika saa kumi una harage hata moja, kesho unavaa aproni nyeupe."

Tulichezea maharage, kumi kila mtu. Pesa nilikataa, baba yangu alikuwa mwalimu wa Kurani.

Sasa wajukuu, niwaeleze. Aliye kushoto kwa mgawaji lazima aweke harage moja kabla ya karata. Anayemfuata, akipenda, anaweka mawili, naye hajaona kitu. Hiyo waliiita stredo. Kwa nini ulipie usichokiona? Nami nilijiuliza hivyo, nikimwona Bwana Misitu akiweka kila mara na kupoteza huku anacheka. Ila dirishani niliona jambo: aliyeweka stredo husema wa mwisho. Wote wanatangulia, halafu wanamngoja.

Saa kumi kasoro kidogo nilibakiwa na matatu. Dakta mgawaji, Memsahib kaweka lake moja, hiari ni yangu. Ningetulia tu, aproni ningeipata.

"Mwanahawa, usithubutu!" mjomba akaninong'oneza.

Nikaweka mawili.

"Lo! Dobi kachachamaa," akasema Bwana Misitu. Alipoona karata zake akazitupa. Dakta akalipa mawili. Memsahib akapandisha hadi matano. Kisha mvua tu juu ya bati. Mkubwa wa misitu yote ile, daktari, na mwenye nyumba, wameacha chai ipoe wakiningoja mimi!

"Haya, Mwanahawa," akasema Memsahib. "Unasemaje?"

Katika nyumba ile sikuwahi kuulizwa hivyo. Nami karata zangu zilikuwa takataka tupu.

"Zako zinacheka, Memsahib, zangu zinalia. Nakataa."

Dakta aliangua kicheko, naye akaacha. Memsahib hakucheka. Alinitazama mikono, ikiwa imetulia juu ya meza. Nilibaki na harage moja, na duru inayofuata ilikuwa zamu yangu kulitoa kwa lazima. Ugawaji ulikuwa wa Memsahib. Akachanganya karata taratibu, taratibu mno kwa mtu mwenye vidole vyepesi vile, mpaka saa ya ukutani ikagonga mara nne.

Aproni ile niliivaa hadi nikawa msimamizi wa chumba cha kulia, hadi magoti yaliponistaafisha. Wasichana niliowafundisha kazi niliwaambia: mwenye kidogo asiweke stredo kila zamu. Aiweke siku anayotaka wakubwa watangulie kusema.

Kama mjomba Shemweta aliwasimulia kwamba nilibaki na mawili, au mgawaji alikuwa Bwana Misitu, nisahihisheni, sitagomba. Ila lile "unasemaje" nalisikia mpaka leo.