Kumfuata Dafrosa Kilema

Niliondoka Singida kwa sababu ya mwanangu Juma. Alizaliwa na karibu kilo tano, na mtaa mzima ulikuja kunipongeza kwa dume langu. Wachache walijua kwamba bega lake lilikwama wakati wa kutoka, nusura nimpoteze. Sukari yangu haikupimwa hata mara moja katika ujauzito ule. Na mimi ni muuguzi! Kwa hiyo niliposikia kwamba Moshi wanahitaji wauguzi wa kusaidia utafiti wa kisukari cha ujauzito, niliomba ruhusa kazini siku hiyohiyo, nikamwacha Juma kwa bibi yake.

Jioni nilifika Moshi. Nilipangiwa chumba Majengo, kwa Bi Zuhura, mjane anayeshona nguo barazani kwake. Alinitazama kuanzia viatu hadi begi.

"Umekuja na sweta?"

"Sina, Bi Zuhura. Nimeambiwa Moshi kuna joto."

"Hapa mjini, ndiyo. Huko juu utatetemeka." Akaingia ndani, akatoka na sweta la marehemu mumewe. Lilinifika magotini, na tulipopanda huko juu sikulivua tena.

Wiki mbili za kwanza tulikuwa Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga. Kina mama walikuja asubuhi kabla ya kula. Tuliwatoa damu, tukawapa maji ya sukari wanywe, kisha wakasubiri kutolewa tena. Walilalamikia kichefuchefu, wakataniana, wakasukana nywele. Niliwapenda upesi.

Wiki ya tatu tulipanda Kilema, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Siku ya kwanza tu nilimpima Dafrosa, mwanamke mpole mwenye mimba ya miezi sita, na sukari yake ilikuwa juu. Tulimwomba arudi Alhamisi amwone daktari. Alhamisi hakuja. Simu yake haikupatikana.

Jumatatu asubuhi nilimfuata nyumbani, nikiongozwa na Valeri, mhudumu wa afya wa kijiji. Njia ilipita katikati ya migomba na kahawa, mfereji wa maji ukitiririka kando yetu. Valeri alipanda akipiga mluzi. Mimi nilisimama mara tano kutafuta pumzi.

Tulimkuta Bibi Apolonia, mama mkwe wa Dafrosa, akimkatia ng'ombe majani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni jikoni, kuna moto."

Kabla hatujakaa sawasawa, alimwekea Dafrosa, aliyekuwa ameketi karibu na moto, bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, lililojaa hadi ukingoni, na kikombe cha chai ya maziwa iliyokolea sukari. "Kula, mama. Huyo aliye tumboni anasubiri." Dafrosa alilitazama bakuli, akanitazama mimi, kisha akaniomba nimsindikize nje kunawa mikono.

Nje aliongea kwa kunong'ona. "Mwaka juzi mtoto wangu alifia tumboni. Mama anaamini nilikuwa sishibi. Tangu nishike mimba hii ananilisha mara tano kwa siku. Nitamwambiaje kwamba chakula chake kina shida? Ndiyo maana sikuja Alhamisi."

"Unataka nimwambie mimi?"

Akakung'uta maji mikononi. "Mwambie. Mimi siwezi."

Nilirudi jikoni bila kufungua fomu. Nilimsimulia Bibi Apolonia habari za Juma: kilo zake, pongezi, lile bega. Ndipo nikamwambia kwamba sukari ya Dafrosa imepanda, na kwamba sukari ikiachwa hivyo inaweza kumdhuru mtoto.

Aliuweka upawa chini. "Kwa hiyo yule wa kwanza nilimuua mimi?"

Nilimshika mkono. "Hapana, bibi. Hakuna ajuaye kilichomchukua. Na mwili wa Dafrosa ndio unaoshindwa kuimudu sukari. Mapenzi yako hayana kosa."

Alilia kimya, akifuta macho kwa ncha ya kitenge. Dafrosa alisogea, akakaa karibu naye, wakagusana mabega. Tuliwaacha wakae hivyo. Hatimaye Bibi Apolonia alininyooshea kidole. "Nipime na mimi." Nilimchoma, tukasubiri, kipimo kikatoka kizuri.

"Mimi sina sukari," alisema. "Nina maneno tu." Tukacheka wote. Kisha akauokota upawa. "Nionyeshe. Mtori kiasi gani?"

Tukapunguza bakuli hadi nusu, tukaongeza mboga za mnafu na maharage, chai ikabaki bila sukari. Kesho yake waliteremka wote wawili kwa daktari, bibi akiwa mbele.

Niliporudi Singida, nilisahau kulivua sweta. Nilipompigia simu, Bi Zuhura alikataa nilirudishe. Miezi mitatu baadaye simu iliita; alikuwa Bibi Apolonia.

"Nesi, tumepata wa kike. Kilo tatu na kidogo. Nilitaka mnene, lakini huyu analia mpaka ng'ombe anageuka!"

"Na Dafrosa?"

"Yuko hapa, mzima. Nimempikia mtori." Akaongeza haraka, "Bakuli nusu."

Fomu yangu ya utafiti ilikuwa na maswali mengi: umri, uzito, mimba zilizotangulia. Halikuwemo swali hata moja la kujua nani anapika. Sasa mjamzito akiketi mbele yangu hapa Singida, hilo ndilo ninaloanza nalo. Akishajibu, namwomba, kama yuko tayari, siku nyingine aje na huyo mpishi.