Nguruwe Wasiopewa Nyasi

Mpaka leo sijui kwa nini Daktari alinichagua mimi. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimefika kidato cha nne na mwandiko wangu ulisomeka. Au ni kwa sababu siku aliyokuja kijijini kwetu Matinyani, huku Ukambani, wanawake wengine wote walikuwa na majembe mikononi, na mimi nilikuwa nimekaa kivulini nikimnyonyesha mtoto, kwa hiyo nilionekana mtu asiye na kazi. Aliniambia nitakaa karibu na nguruwe, nimtazame, na kila baada ya dakika tano niandike anafanya nini.

"Na nikimaliza kuandika?" nikauliza.

"Unaangalia tena."

Nilidhani ananitania. Alivua saa yake ya mkono akanivalisha, na hapo ndipo nilipojua kwamba hatanii.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini. Daktari alikuwa daktari wa mifugo, kijana bado, aliyetumwa kutafiti kama nguruwe anayefugwa ndani ya banda anaishi vizuri. Wazazi wake walitoka Mkoa wa Kati wakafungua duka Salama, kwenye barabara ya Mombasa, kwa hiyo Kikamba alikijua kile cha kuuzia sukari na mafuta ya taa. Mume wangu aliposikia habari ya utafiti huo alicheka hadi akakohoa. "Kama nguruwe anaishi vizuri? Hata sisi bado hatujaulizwa!"

Nami nilicheka, lakini saa nilikuwa nimeshaivaa.

Kikundi chetu cha mwethya kilikuwa na wanawake wengi, na wanane kati yao walifuga nguruwe. Mwethya ni ile desturi yetu ya kusaidiana: leo tunachimba mitaro katika shamba la huyu, kesho la yule, na kinachopatikana kinagawanywa. Mwenyekiti alikuwa mama mkwe wangu, mjane mfupi mwenye sauti ya watu watatu. Nilimwita Mwaitu, yaani mama yetu, na nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa mume wangu.

Kabla ya Daktari kuja, nguruwe wetu walifungwa kamba mguuni, wakachimba udongo na kulala walipotaka. Mradi wake uliwajengea wanane hao mabanda mapya yenye sakafu ya simiti, safi, inayooshwa kwa debe moja la maji. Tulifurahi sana. Kisha Daktari akatuita, akaweka vikaratasi vinane katika kofia yake, na kila mwenye nguruwe akachomoa kimoja. Wanne walipata kikaratasi chenye alama: nguruwe wao wangeletewa nyasi kavu wakikaribia kuzaa. Wanne wengine walipata kitupu. Wao wasingepewa kitu.

Mwaitu alichomoa kitupu. Alikigeuza upande wa pili, akaona huko pia hakuna kitu.

"Daktari," akasema, "mimi nauliza tu. Hii nguruwe yangu ilikosa nini?"

"Haijakosa, mama. Tunataka kuona tofauti."

"Tofauti ya nini?"

Daktari alieleza kwa Kiswahili, akaongeza Kikamba chake cha dukani, kisha akanigeukia mimi niliyesoma nimsaidie. Nilitingisha kichwa kama mtu aliyeelewa. Ukweli ni kwamba sikuelewa. Nilijua sheria tu: hawa wapewe, hawa wasipewe, nami niandike. Kwa nini, sikujua, na niliona haya kuuliza mbele ya watu waliokuwa wananiona msomi.

Nilianza na wale wa nyasi. Nikwambie kweli, siku ya kwanza nilichoka mpaka nikajuta. Amelala. Amelala. Amesimama. Amelala. Watu waliopita njiani walinisalimu kwa kicheko, wakaniuliza mgonjwa wangu anaendeleaje. Lakini nguruwe wa kwanza alipokaribia kuzaa niliona jambo lililonifanya nisahau kalamu. Alichukua nyasi kwa mdomo, akazipeleka kwenye kona, akarudi akachukua nyingine. Alizisukuma kwa pua, akazikanyaga, akajizungusha, akaona hazijakaa sawa, akaanza upya. Alifanya hivyo saa nyingi. Kisha akajilaza katikati polepole sana, akatulia, na watoto wakaanza kuja.

Nilikuwa nimezaa mwaka huohuo katika nyumba ya Mwaitu. Nilikumbuka alivyowafukuza watu wote, akafagia, akatandika, akatandua na kutandika tena, huku mimi nikimwambia inatosha. Kumwona nguruwe akifanya kazi ileile kuliniaibisha na kunigusa kwa pamoja. Kwenye fomu niliandika, "Anajenga." Hakukuwa na nafasi ya kuandika zaidi.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya nguruwe wa Mwaitu.

Alianza asubuhi, kama saa mbili. Alikwangua simiti kwa mguu wa mbele, akaenda kwenye kona, akarudi mdomo mtupu, akaenda tena. Alikuwa anabeba nyasi zisizokuwepo. Alisukuma kwa pua kile ambacho hakikuwepo, akajizungusha, akalala, akainuka mara moja kama aliyelalia moto. Akarudi kukwangua. Alitafuna fito za mlango mpaka povu likamtoka. Kufika saa nne pua yake ilikuwa imechubuka na kuacha alama nyekundu sakafuni. Niliandika kila dakika tano. Anakwangua. Anakwangua. Anatafuna mlango. Sikujua nimkasirikie nani: Daktari, kofia yake, au mimi mwenyewe.

Mwaitu alikuwa amesimama nyuma yangu muda mrefu.

"Kabla ya simiti," akasema mwishowe, "alikuwa anajitafutia mwenyewe."

"Ni kweli, Mwaitu."

"Na wewe umekaa unaandika."

Aliondoka. Ilikuwa Alhamisi, siku ya mwethya, na wanawake walikuwa wakichimba mitaro ng'ambo ya kijito. Baada ya muda niliwasikia wakija wakiimba. Wale wanne waliopewa nyasi walikuwa wamepunguza kila mmoja mzigo wake, wakafunga mafungu, wakayabeba mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, mchana kweupe, kama watu wanaopeleka kuni kwa mama aliyejifungua. Hakuna aliyeona kwamba anavunja sheria. Katika kikundi chetu hakujawahi kuwa na wa kupewa na wa kunyimwa.

Nilisimama mlangoni pa banda. "Haikubaliwi," nikasema.

"Nani amekataza?" akauliza Mwaitu.

"Imeandikwa."

Alitua miguuni pangu fungu ambalo naye alikuwa amebeba. Sikutarajia atakachosema; nilitarajia kelele.

"Sisi hatujui kusoma," akasema taratibu. "Wewe ndiye umesoma. Basi soma, halafu uamue."

Wanawake wote walinitazama. Nyuma yangu nilisikia kwato zikikwangua simiti. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mwanangu mwenyewe alikuwa amelala mgongoni mwangu, ananipumulia shingoni. Niliinama, nikafungua kamba, nikamtupia nguruwe nyasi kwa mikono yangu miwili.

Alizishika kabla hazijafika chini.

Baada ya saa moja alikuwa ametulia. Alizaa watoto tisa, na hakumlalia hata mmoja. Nami nikabaki na fomu mapajani. Palikuwa na mstari unaouliza: Nyasi, amepewa au hakupewa? Kama ningeandika amepewa, Daktari angejua nimevunja sheria, na pengine Mwaitu angeondolewa kwenye mradi. Nikaandika hakupewa. Karatasi yenye alama za kukwangua niliikunja, nikaitia motoni, nikaandika nyingine kuanzia pale alipotulia. Wale watatu waliobaki walipofika siku zao, wote walipelekewa nyasi, na wote niliwaandikia hivyohivyo. Mara ya kwanza iliniuma. Mara ya nne nilikuwa nawaza chakula cha jioni.

Miezi kadhaa baadaye Daktari alituita kanisani kutusomea majibu. Alikuwa amevaa tai. Akasema amelinganisha fomu zote na hakuona tofauti: waliopewa nyasi na wasiopewa walitulia sawasawa, walilea sawasawa. Kwa hiyo, akasema, nyasi si lazima. Simiti safi inamtosha nguruwe. Angeandika hivyo, na wafugaji wengine wangeshauriwa hivyo. Alinishukuru mimi hasa, mbele ya watu, kwa uaminifu wangu. Wakanipigia makofi.

Ni hapo, katikati ya makofi, ndipo nilipoelewa vile vikaratasi vilikuwa vya nini.

Mwaitu alinishika mkono tulipotoka. "Sasa anasemaje nyasi haisaidii? Na tuliwapa wote!"

"Ndiyo sababu haoni tofauti, Mwaitu. Alitaka wale wengine wakose ili aone wanavyoteseka. Akishaona, wote wapewe."

Alisimama njiani. Sijamwona tena akiwa amechanganyikiwa namna ile.

"Mbona hukutuambia?"

"Sikuwa nimejua."

"Na sasa umejua. Nenda umwambie."

Nilisema nitakwenda. Sikwenda. Daktari alihamishwa, nikaupokea uhamisho wake kama samaki aliyerudishwa majini. Mwaitu aliponiuliza kama nimemwambia, nilisema ndiyo. Aliniuliza mara nyingine, miaka mingine, na kila mara nilisema ndiyo. Yeye nyumbani kwake aliendelea kumwekea nguruwe wake nyasi, akisema kile kitabu cha Daktari lazima sasa kimesahihishwa. Alikufa akiamini hivyo. Nilimlilia kwa mambo mengi, na hilo lilikuwa mojawapo, ingawa hakuna aliyejua.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu: ilitoka Matinyani ikafika Salama, na miaka zaidi ya kumi katikati.

Nilikuwa natoka kumtembelea binti yangu katika shule ya bweni, na basi liliharibika Salama. Dereva alisema tungoje. Niliingia duka la kwanza kununua soda, na mtu aliyekuwa nyuma ya kaunta akaniangalia, akaniangalia tena, akatoka nje amekunjua mikono. Alikuwa Daktari. Nywele zilikuwa zimeanza kuota mvi. Alisema alipunguzwa kazini pamoja na wengi wengine, amerudi kwa wazazi, na anafuga nguruwe nyuma ya duka.

"Njoo uone," akasema. "Nimejenga vile tuligundua mimi na wewe."

Mimi na wewe. Nilimfuata.

Mabanda yalikuwa sita, safi kabisa, simiti tupu kutoka ukuta hadi ukuta. Katika la tano nguruwe jike alikuwa anakwangua. Alienda kwenye kona, akarudi mdomo mtupu, akasukuma hewa kwa pua. Daktari alisema alizaliwa hapohapo kwenye simiti. Alikuwa hajawahi kuona nyasi maishani mwake, na bado alikuwa anazitafuta. Nilijiuliza alifundishwa na nani, na sijapata jibu hadi leo.

"Huyu ndiye ananisumbua," Daktari akasema. "Na hata wengine, lakini huyu amezidi. Kila akizaa, analala na kuinuka, analala na kuinuka, analalia watoto. Nimebadilisha chakula, nimempima magonjwa. Mimi ni daktari, mama, na sijui anataka nini."

Alisema hivyo kwa unyonge kabisa, na hapo nikaona kwamba kuchanganyikiwa kote nilikokubeba nilikuwa nimemkabidhi yeye, bila yeye kujua.

"Anataka nyasi," nikasema.

"Lakini tuliona—"

"Hatukuona. Wote walipewa. Tuliwagawia. Mimi nilikuandikia uongo."

Niliongea nikiangalia sakafu. Nilimweleza Alhamisi ile, mafungu, karatasi niliyoichoma, makofi ya kanisani.

"Wote wanne?" akauliza.

"Wote."

"Hata ya mama mkwe wako?"

"Ya kwake ndiyo ya kwanza. Na mkono ulikuwa wangu."

Nilingoja anitukane. Ningependa angenitukana. Badala yake alitembea kutoka banda la kwanza hadi la sita, akisimama kwa kila moja, kama anayewaangalia watu aliowakosea. Kisha akachukua panga akatoka nje, na nikamwona kwenye ukingo wa barabara akikata nyasi kavu zilizoota kando ya mtaro. Basi lilipiga honi kuita abiria. Sikwenda.

Alirudi amekumbatia mzigo, suruali imejaa miiba. Hakuutupa ndani. Aliniwekea miguuni, pale hasa Mwaitu alipotua wake, ingawa hakumwona siku ile akifanya hivyo. Nikainama, nikamtupia nguruwe kwa mikono miwili, naye akazishika akaenda nazo kwenye kona.

Daktari alivua saa yake akanivalisha. Haikuwa ileile, hii ilikuwa na mkanda wa plastiki. Akaniletea daftari la dukani na kalamu.

"Andika," akasema. "Unachoona."

Niliandika saa. Niliandika: Anajenga. Daftari halikuwa na mstari wa nyasi, kwa hiyo niliuchora mwenyewe, nikaandika: Amepewa, na mimi ndiye niliyempa.